Kumsoma Farasi Mchanga: Utangulizi

Wengi wanaoanza kufuatilia mbio za farasi huuliza kwanza kama farasi alishinda au alishindwa. Kwa farasi wa miaka miwili, jibu la swali hilo halina uzito mkubwa. Muhimu ni kujua alishindana na nani, na hao wenzake walifanya nini baadaye. Karibu, msomaji: fani nzima imejengwa juu ya swali hili la pili.

Chukua shindano la Newmarket, Uingereza, Agosti 2010. Lilikuwa la mita 1,600 hivi, la farasi ambao hawajawahi kushinda, na ardhi ilikuwa imelowa. Frankel, akikimbia kwa mara ya kwanza, alishinda kwa nusu tu ya urefu wa farasi, mbele ya mgeni mwenzake, Nathaniel. Siku ile ushindi huo ulionekana mwembamba. Mwaka uliofuata Nathaniel alishinda mbio kubwa za King George pale Ascot, na mwaka 2012 akashinda zile za Eclipse. Frankel naye alistaafu mwaka huohuo wa 2012 akiwa ameshinda mbio zote 14 alizokimbia. Kumbe pengo lile dogo lilikuwa kati ya vigogo wawili, na karibu mwaka mzima ulipita kabla thamani yake haijajulikana. Ndiyo maana mtaalamu hafungi daftari lake jioni ya shindano.

Umri nao unataka uangalifu. Katika kizio cha kaskazini, farasi wote wa Thoroughbred, yaani aina ya farasi wa mbio, huhesabiwa wameongeza mwaka tarehe 1 Januari. Katika baadhi ya nchi za kusini ni tarehe 1 Agosti. Basi aliyezaliwa Februari na aliyezaliwa Mei huingia uwanjani kama rika moja, ingawa kwa mnyama anayekua haraka miezi mitatu si michache. Huyo wa Mei akimaliza wa nne huku bado anawakaribia wenzake mita za mwisho, mimi humthamini kuliko mshindi aliyefika mstarini akiwa ameishiwa nguvu.

Kisha mwangalie mwilini. Anapotembezwa kabla ya shindano, tazama kwato ya nyuma inakanyaga wapi: ikivuka alama ya kwato ya mbele, hatua yake ni ndefu na mwili umelegea vizuri. Tazama pia kama sehemu ya nyuma imeinuka kuliko mabega, maana huyo bado anakua. Asubuhi inayofuata, muulize anayemtunza kama alimaliza chakula chake. Farasi aliyeacha chakula alitumia zaidi ya alichokuwa nacho, na hilo halimo kwenye karatasi ya matokeo.

Bei isikutishe. Mwaka 2006, huko Florida, The Green Monkey aliuzwa kwa dola milioni 16 baada ya kukimbia mita 200 hivi kwa sekunde 9.8 katika majaribio. Baadaye alishiriki mbio tatu, hakushinda hata moja. Saa ilipima kasi yake vizuri. Haikuweza kupima atakavyofanya akibanwa na wenzake.

Kabla ya kuingia sura ya kwanza, chagua shindano moja la farasi wachanga, liwe la Newmarket au la Ngong, Nairobi. Andika majina yote, hata la aliyeshika mkia, pamoja na mapengo kati yao, na uache nafasi pana mbele ya kila jina. Utaijaza kadiri msimu unavyosonga.