Injini ya Trekta Inapokataa Kuongeza Mbio

Mvua ikikaribia, kila siku ya kulima ina thamani. Ikiwa trekta yako ya dizeli inawaka vizuri lakini haiongezi mbio hata ukivuta mkono wa mafuta mpaka mwisho, usikimbilie kumlipa fundi wa mbali. Mara nyingi kasoro ni ndogo, na wewe mwenyewe waweza kuiona. Fuata mpango huu.

Kwanza, inua plau na utoe gia. Injini ikipanda sawasawa bila mzigo, huenda plau inaingia chini mno, au umetumia gia kubwa. Rekebisha, ujaribu tena.

Pili, zima injini. Mwambie mwenzako asogeze mkono wa mafuta, nawe tazama fimbo ziendazo kwenye pampu ya dizeli. Zikiwa zimepinda, au pini imechomoka, pampu haifunguki yote.

Tatu, tazama moshi. Moshi mweusi mara nyingi ni dalili kwamba hewa haitoshi kuunguza mafuta. Zima injini, ufungue chujio la hewa. Likiwa la bakuli la oili, mwaga oili chafu, osha bakuli, kisha tia oili safi mpaka kwenye alama, si zaidi. La karatasi likiziba, litiwe jipya.

Nne, ikiwa hakuna moshi mweusi, huenda dizeli haifiki. Legeza kifuniko cha tangi. Injini ikipata nguvu, tundu la hewa la kifuniko limeziba, lizibue. Isipopata, toa maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli, na chujio likiwa chafu weka jipya. Halafu toa hewa katika mabomba kama kitabu cha trekta kinavyoonyesha, maana hewa ikibaki humo injini itakohoa na kuzimika.

Angalieni sana! Msiguse skrubu zilizotiwa lakiri kwenye pampu; hiyo ni kazi ya fundi. Tena msipapase bomba la nozeli linalovuja injini ikiwaka. Dizeli hutoka hapo kwa nguvu ya kupenya ngozi, na mtu aliyepenywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo.

Mwisho, jaza tangi kila jioni. Tangi lililo nusu hutoa jasho ndani usiku wa baridi, na maji hayo ndiyo yatakayokusimamisha shambani kesho.