Baiskeli ya Umeme: Ikigoma, Nani Ataifungua?

Mtu akiingia dukani kutafuta baiskeli ya umeme, maswali yake huwa mawili: inakwenda kilomita ngapi, na bei gani. Muuzaji majibu yote mawili anayo mdomoni. Ningemwomba mnunuzi aanze na swali jingine, aliulize hata kabla hajaipanda: siku ikigoma, fundi gani wa hapa mjini ataweza kuifungua, na spea atazitoa wapi? Baiskeli ya umeme ya kutegemewa ni ile inayotengenezeka pale unapoishi. Kasi, rangi na taa vinafuata baadaye.

Ulaya jambo hili liliwagusa mwaka 2023. VanMoof, kampuni ya Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 2009 na ndugu wawili, ilikuwa ikiuza baiskeli zilizosifiwa sana kwa urembo. Betri ilifichwa ndani ya fremu, kufuli iliendeshwa kwa programu ya simu, na vifaa vyake vingi vilitengenezwa kwa ajili ya baiskeli hiyo peke yake. Julai 2023 mahakama ya Amsterdam ikaitangaza kuwa imefilisika. Maduka yakafungwa huku baiskeli za baadhi ya wateja zikiwa ndani, zinasubiri matengenezo. Waliokuwa nazo nyumbani nao wakaingiwa na wasiwasi: kompyuta za kampuni zikizimwa, simu itaendelea kuitambua baiskeli? Washindani wa VanMoof kutoka Ubelgiji, Cowboy, wakatoa upesi programu ya kuwasaidia kuhifadhi ufunguo wa kidijitali wa baiskeli zao. Mwezi uliofuata kampuni ilipata mnunuzi. Lakini katika wiki zile, fundi hodari wa mtaani alikuwa hana la kufanya, kwa kuwa spea zilitoka mlango mmoja tu na mlango huo ulikuwa umefungwa.

Chukua kipimo hicho uangalie mota. Ziko za aina mbili. Moja hukaa kwenye kitovu cha gurudumu, nyingine hukaa katikati, pale pedali zinapozungukia. Mota ya katikati hupanda mlima vizuri kwa sababu inatumia gia za baiskeli, ila nguvu yake yote inapita kwenye cheni, na cheni huisha mapema. Zaidi ya hapo, nyingi za chapa kubwa zinahitaji kompyuta na programu ya wakala aliyeidhinishwa ili zisomwe zina hitilafu gani. Kama wakala huyo yuko Stuttgart na wewe uko Tanga, hiyo si yako. Mota ya kwenye gurudumu ni ya kawaida zaidi. Kontrola yake mara nyingi ni kiboksi kinachoweza kubadilishwa na kingine cha volti na ampea zilezile hata kama kimetoka kiwanda tofauti, na fundi anayetengeneza redio anaweza kupima waya zake kwa mita. Kwa barabara zetu ningechagua hiyo.

Ukiichagua, piga goti uangalie pale waya wa mota unapoingilia kwenye ekseli. Hapo ndipo panapokatika. Waya uwe umeshuka chini kidogo kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani ya mota. Kwenye ekseli pawe na kipande cha chuma kinachoizuia isijizungushe ndani ya fremu, kwa kuwa mota ikivuta kwa nguvu, nati peke yake hailegei mara moja ila italegea. Gusa na spoki: gurudumu lenye mota linataka spoki nene kuliko za baiskeli ya kawaida.

Betri ndiyo yenye thamani kubwa kuliko kitu kingine chochote hapo, na ndiyo inayozungumzwa kwa uongo mwingi. Usisikilize kilomita za kwenye tangazo, zihesabu mwenyewe. Zidisha volti kwa ampea-saa, utapata wati-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Mtu anayepiga pedali kwa utulivu kwenye tambarare hutumia wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita. Asiyepiga pedali kabisa, akiwa na mzigo, anaweza kufika 20 na kuzidi. Basi betri hiyohiyo ni kilomita 30 hivi kwa mmoja na chini ya 18 kwa mwingine. Muuzaji anayekuahidi 80 hajakudanganya peke yako, amekariri alichoandikiwa. Kuhusu gharama ya kuchaji usihangaike: betri ya wati-saa 480 inakula takriban nusu yuniti ya umeme.

Kuna betri za asidi, zile nzito za volti 12 zinazoungwa nne. Ni rahisi kupatikana, lakini zikiachwa siku kadhaa bila chaji zinakufa, na uzito wake hukufanya uchukie baiskeli siku umeme ukikatika njiani. Nenda kwenye lithiamu. Huko nako kuna koo mbili. Ya kawaida hupanda hadi volti 4.2 kwa seli. Ya fosfeti ya chuma hufika 3.65, ni nzito kidogo, lakini huishi miaka mingi zaidi na hustahimili joto, na kwa jua la pwani hilo si jambo dogo.

Hapa ndipo ninapowasihi watu wawe makini. Zote mbili huuzwa kama “volti 48”. Ya kawaida ina seli 13 mfululizo, na chaja yake huishia volti 54.6. Ya fosfeti huwa na seli 16, na chaja yake huishia 58.4. Plagi zinaweza kufanana kabisa. Ukichomeka chaja ya 58.4 kwenye betri ya seli 13, kila seli inasukumwa karibu na volti 4.5, na kitu pekee kinachobaki kati yako na moto ni saketi ndogo ya ulinzi ambayo mafundi huiita BMS. Katika jiji la New York moto wa betri za lithiamu uliua watu 18 mwaka 2023, na tangu Septemba mwaka huo sheria ya huko inadai kila baiskeli ya umeme inayouzwa iwe na uthibitisho wa kiwango cha UL 2849. Soma maandishi ya chaja kabla ya kulipa. Usiazime chaja ya jirani. Na usichaji ukiwa umelala, wala mlangoni pa kutokea.

Wanaonunua mitumba ya Japani wajue jambo moja. Nyingi kati ya baiskeli hizo ni imara ajabu. Yamaha walianza kuziuza mwaka 1993 na Wajapani wamekuwa wakiziboresha tangu hapo. Ila chaja zake kwa kawaida ni za umeme wa volti 100, na soketi zetu zinatoa 230. Ikichomekwa moja kwa moja inaungua. Betri zake pia huzungumza na mota kwa lugha yao, kwa hiyo fundi hawezi kuweka betri yoyote tu. Kama inayokuja nayo imekufa, hesabu kwamba unanunua baiskeli nzito ya kawaida.

Kuhusu breki, za diski zinazovutwa kwa waya zinatosha, na waya wake unapatikana kila mahali.

Mwisho, usiijaribu kwenye lami mbele ya duka. Weka uzito utakaoubeba kila siku, iwe ni kreti ya soda au mtoto wa shule, tafuta mwinuko, uupande mara kadhaa bila kupumzika. Ukirudi, gusa mota, kisha gusa soketi inayounganisha betri na kontrola. Uvuguvugu ni wa kawaida. Lakini soketi ikiunguza kidole, vyuma vyake havikutani sawasawa. Usizungumze bei mpaka ibadilishwe na umepanda tena.