Voliboli: Kimo pekee hakitawafikisha mbali vipusa wa vyuo vya Turkana

MSIMU mpya wa michezo ya vyuo unapobisha hodi, kila timu huwa bingwa. Jedwali halina pointi, hakuna aliyeshindwa, na kila kocha ana sababu ya kutabasamu.

Katika miji ya Lodwar na Kakuma, Kaunti ya Turkana, matumaini ya voliboli ya akina dada aghalabu huegemea jambo moja: kimo. Mabinti wa huku husifiwa kwa urefu na wepesi wa miguu, na mtazamaji anayewaona wamesimama kando ya wavu hukata kauli papo hapo kwamba hapa pana timu.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Hata hivyo, wakazi wa Turkana wanajua kuliko wengine kwamba si kila wingu huleta mvua.

Timu ya chuo katika eneo hili huinuka au huanguka kwa mambo matatu yasiyoonekana siku ya kwanza ya mazoezi. La kwanza ni jinsi inavyoupokea mpira unapovuka wavu. La pili ni idadi ya mechi inazocheza kabla ya kusafiri kwenda mashindanoni. La tatu ni idadi ya wachezaji watakaokuwa wangali pamoja muhula unapofikia ukingoni.

Mlango wa mwisho

Voliboli ya wanawake nchini Kenya si mchezo wa kupitisha wakati tu. Ni miongoni mwa michezo michache ambayo imewapa akina dada riziki. Klabu zinazotamba katika ligi kuu, kama vile Kenya Pipeline, KCB, Kenya Prisons na DCI, zinatokana na mashirika na idara za serikali, na mchezaji hodari anaweza kupata ajira kupitia kwazo.

Timu ya taifa, Malkia Strikers, imetwaa ubingwa wa Afrika mara 10, likiwemo taji la mwaka wa 2023 lililonyakuliwa mjini Yaoundé, Cameroon. Imeshiriki Michezo ya Olimpiki mara nne: Sydney mwaka wa 2000, Athens mwaka wa 2004, Tokyo mwaka wa 2021 na Paris mwaka wa 2024.

Njia ya kufikia ngazi hiyo kwa kawaida huanzia shule za upili. Kwanthanze ya Machakos, pamoja na Malava na Mukumu za Kakamega, ni shule zilizojijengea jina katika mchezo huu. Msichana anayeingia huko akiwa na umri wa miaka 14 hutoka akiwa amecheza mechi nyingi, na maajenti wa klabu wamekwisha kumwona.

Msichana aliyesomea Turkana yuko mbali na njia hiyo. Kwake, chuo ndicho mlango wa mwisho. Mjini Lodwar, mlango huo ulipanuka mwaka wa 2017 wakati Chuo Kikuu cha Turkana kilipopata hadhi ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Mjini Kakuma, Don Bosco limekuwa likiwafunza vijana ufundi kwa miaka mingi.

Je, mwanafunzi wa chuo anaweza kuanza akiwa amechelewa na bado afike mbali? Historia ya michezo inajibu kwamba inawezekana. Paul Ereng, mwanariadha wa jamii ya Waturkana, alikuwa mkimbiaji wa mita 400 alipojiunga na Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani. Alianza kuzikimbia mita 800 kwa dhati mwaka wa 1988, na mwaka uo huo akashinda dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul.

Tofauti ni kwamba mbio humhitaji mtu mmoja na uwanja. Voliboli huwahitaji wachezaji sita wanaoelewana, wenzao wa akiba, na wapinzani wa kuwapima.

Mpira wa kwanza

Wavu wa wanawake huinuliwa mita 2.24 kutoka ardhini. Mchezaji mrefu ana faida kubwa hapo juu, awe anafyatua kombora au anajenga ukuta wa mikono kumzuia mpinzani. Lakini kombora huwa hatua ya tatu. Kabla yake, lazima mmoja aupokee mpira ulioanzishwa na wapinzani, na mwingine, yaani mpangaji, auinue vizuri karibu na wavu.

Hatua ya kwanza ikiharibika, mpangaji hulazimika kuukimbiza mpira pembeni, na mshambulizi mrefu hubaki amesimama bila kazi. Kimo chake hakimfai kitu.

Adhabu ya kosa hilo iliongezeka kufuatia mageuzi ya kanuni yaliyoidhinishwa mwaka wa 1998. Awali, kwa kawaida timu iliyoanzisha mpira ndiyo pekee iliyoweza kufunga pointi. Sasa kila mpira unaochezwa huzaa pointi kwa upande mmoja au mwingine, hadi timu moja ifikishe 25, au 15 ikiwa ni seti ya tano, ikiwa na tofauti ya pointi mbili.

Hesabu yake ni nyepesi. Wapinzani wakianzisha mipira 20 katika seti, na timu ishindwe kupokea mmoja katika kila minne, imekwisha kugawa pointi tano bila jasho la mpinzani. Seti nyingi huamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Mageuzi ya wakati huo ndiyo yaliyoleta pia nafasi ya libero, mchezaji wa safu ya nyuma anayevaa jezi ya rangi tofauti na ambaye kazi yake ni kupokea na kuokoa mipira. Haruhusiwi kushambulia mpira ulio juu ya wavu, kwa hivyo kimo si hoja kwake. Kocha wa Lodwar au Kakuma anayewatafuta wasichana warefu peke yao huenda akampita mchezaji muhimu kuliko wote.

Japan iliuonyesha ulimwengu somo hilo mwaka wa 1964, voliboli ilipochezwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki. Wengi wa wanawake wa timu hiyo walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya nguo ya Nichibo mjini Kaizuka, waliofanya mazoezi baada ya kazi chini ya kocha Hirobumi Daimatsu. Aliwafundisha kujirusha sakafuni, kuupokea mpira, kisha kubingirika na kusimama tena mara moja. Kwa ustadi huo waliilaza Muungano wa Kisovieti kwa seti 3-0 na kutwaa dhahabu.

Jua, upepo na ardhi

Kujirusha sakafuni ni jambo moja. Kujirusha kwenye ardhi ngumu yenye changarawe ni jambo jingine. Mchezaji anayehofia kuchubuka magoti na viwiko hujifunza kuuacha mpira uanguke, na tabia hiyo humfuata hadi kwenye ukumbi wenye sakafu laini. Kwa sababu hiyo, mchanga uliochekechwa na kusambazwa uwanjani, pamoja na vikinga magoti, vinaweza kuifaa timu ya chuo kuliko jezi mpya.

Lodwar uko takriban mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana hufikia nyuzi 35 za Selsiasi au zaidi. Mazoezi ya adhuhuri ni hatari kwa afya. Muda unaofaa ni alfajiri kabla ya masomo, au kuanzia saa kumi na moja jioni hadi jua linapozama, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu. Kipindi hicho cha jioni ni cha takriban saa moja na nusu, na mhadhara ukichelewa kumalizika, nusu ya mazoezi imepotea.

Upepo nao una mchango wake. Mpira wa voliboli una uzani wa gramu 260 hadi 280 pekee, na upepo wa nyanda hizi huusukuma utakavyo. Timu iliyozoea kucheza nje hujifunza kuwa macho hadi dakika ya mwisho, jambo ambalo ni zuri. Lakini inapoingia ukumbini kwa mara ya kwanza, mpira huja moja kwa moja na kwa kasi, huku paa na taa zikilichanganya jicho. Kushindwa katika seti ya kwanza ya ugenini mara nyingi hutokana na ugeni huo.

Safari ndefu, mechi chache

Kutoka Lodwar hadi Kitale ni karibu kilomita 300 kwa barabara, kupitia Lokichar, Kainuk na Marich. Ni njia ambayo kwa miaka mingi imekumbwa na visa vya ujangili, hasa karibu na Kainuk. Kwa timu ya Lodwar, kukutana na vyuo vya Kitale, Eldoret au Kakamega ni safari ya kutwa, yenye gharama ya gari, chakula na malazi.

Matokeo yake ni kwamba timu hufanya mazoezi kwa miezi, kisha mechi yake ya kwanza ya kweli huwa ndiyo mechi ya mashindano. Wapinzani wao wa Kakamega au Eldoret huwa wamekwisha kucheza na majirani mara kadhaa, wakarekebisha makosa na kumjua anayeweza kuhimili presha pointi zikiwa 23 kwa 23.

Dawa ya tatizo hilo haiko Nairobi. Iko Kakuma, takriban kilomita 120 kutoka Lodwar. Safari ya kwenda na kurudi inaweza kukamilika siku moja. Timu za miji hii miwili zikikutana mara mbili kila mwezi, kila moja itaingia mashindanoni ikiwa na mechi nyingi mguuni, na kila safari itagharimu kidogo kuliko safari ya Kitale.

Kakuma ni zaidi ya jirani wa kupimana naye nguvu. Kambi yake ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka wa 1992, na makazi ya Kalobeyei yakaongezwa mwaka wa 2016. Humo wanaishi vijana kutoka Sudan Kusini, Somalia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi na Ethiopia. Mwaka wa 2016, watano kati ya wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki walikuwa wakimbiaji waliotoka kambi hiyo. Mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera ya timu hiyo mjini Rio de Janeiro.

Walionekana kwa sababu majaribio yaliandaliwa papo hapo kambini, chini ya wakfu wa bingwa wa zamani wa mbio za marathoni, Tegla Loroupe. Wanavoliboli hawawezi kuonekana kwa njia nyingine.

Hata hivyo, vikwazo vya huko ni halisi. Kwa miaka mingi, mkimbizi amehitaji kibali ili kusafiri nje ya kambi, hivyo timu ya Lodwar ndiyo itakayolazimika kwenda Kakuma mara nyingi zaidi. Aidha, mwaka wa 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa wakimbizi hadi chini ya nusu ya kiwango kamili kutokana na uhaba wa fedha. Kocha hawezi kumdai mchezaji mwenye njaa aruke mara 100 kila jioni. Ratiba ya mazoezi haina budi kufuata sahani.

Suala la mavazi pia lisiwe sababu ya kumwacha msichana Mwislamu nje ya uwanja. Doaa Elghobashy wa Misri alicheza voliboli ya ufukweni akiwa amevaa hijabu katika Olimpiki za 2016.

Kuwaweka pamoja

Adui wa tatu wa timu ya chuo ni kalenda. Mchezaji wa mwaka wa tatu huenda kwenye mafunzo ya nyanjani, mwalimu mwanafunzi hupelekwa shuleni kufundisha, na asiyekamilisha karo hurejea nyumbani. Kikosi kilichoanza na wasichana 14 kinaweza kujikuta na wanane, na mpangaji akiwa miongoni mwa walioondoka, mchezo wote huanza upya.

Kwa hivyo chuo kinachotaka timu hakina budi kuwafunza wapangaji wawili tangu wiki ya kwanza, kuwasajili wanafunzi wa mwaka wa kwanza hata kama hawajawahi kuugusa mpira, na kujua mapema ni nani hatakuwepo muhula ujao. Dada anayekaribia kukatiza masomo kwa sababu ya karo asaidiwe kabla hajafunga virago, kwani akishaondoka, ni nadra arudi uwanjani.

Mizani ya msimu

Malkia Strikers wenyewe, pamoja na mataji yao yote ya Afrika, hawajawahi kushinda mechi katika Olimpiki zote nne walizoshiriki. Ubora barani haukutosha walipokutana na timu zinazocheza mechi kali mwaka mzima. Pengo baina ya Turkana na vyuo vya magharibi mwa Kenya ni la aina iyo hiyo, na huzibwa kwa njia iyo hiyo.

Kwa msingi huo, mashabiki wa Lodwar na Kakuma wasiipime timu yao kwa kombe katika mwezi wa kwanza. Wahesabu mipira iliyopokelewa vyema katika kila seti, mechi zilizochezwa kati ya miji hii miwili, na majina yaliyosalia kwenye orodha ya kikosi. Hesabu hizo tatu zikipanda kutoka wiki hadi wiki, wasichana warefu walio kando ya wavu watapata mipira ya kupiga, na matumaini ya mwanzo wa msimu yatakuwa na mahali pa kusimama.