Moshi Usioonekana

Likizo iliyopita nilikaa kwa dada yangu hapa Nakawa, katika nyumba ya chumba kimoja, ile tuiitayo muzigo. Siku za jua dada hupikia nje mlangoni. Mvua ikinyesha huingiza sigiri ndani, naye mtoto wake wa miezi minane yuko mgongoni. Nilipomwonya juu ya moshi alicheka, akasema, "Moshi gani, mdogo wangu? Hizi si kuni, ni makaa."

Ni kweli, makaa yakisha kushika moto moshi hauonekani sana. Lakini chembe zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo mno. Unywele mmoja huzipita unene mara 20 au zaidi. Tena makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo hunyang'anya nafasi ya oksijeni katika damu. Ndiyo maana watu wamekufa usingizini kwa kulala na sigiri chumbani. Mtoto huumia upesi, kwa kuwa njia zake za pumzi ni nyembamba na huvuta pumzi haraka kuliko mama yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watoto zaidi ya 237,000 wasiofika miaka 5.

Mtadhani jiko jipya latosha. Huko Malawi jamaa nyingi zilipewa majiko yenye moshi mdogo, lakini matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 hayakuonyesha nimonia kupungua kwa watoto. Moshi mwingine, kama wa takataka na tumbako, ulikuwapo vile vile. Nasi huku twachoma takataka karibu na madirisha!

Siku ya tatu ya mvua mtoto alianza kukohoa. Alipotulia nilihesabu pumzi zake dakika nzima: 56. Ninyi mliokwisha kuondoka shuleni mkaoa, shikeni hesabu hii: kwa mtoto wa miezi 2 hata 12, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia, wa mwaka 1 hata 5, ni 40. Mbavu zikibonyea ndani avutapo pumzi, msingoje. Tulimpeleka kwa mganga usiku ule ule, akapata dawa.

Sasa hajambo. Shemeji na mimi tulifunga bati nje, sigiri huwashwa chini yake. Maharagwe hulowekwa tangu usiku yaive upesi, na mvua ikizidi, chakula huchelewa.