Upepo Unaopata Joto kwa Kushuka

Haya watoto, sogeeni. Leo nawapeleka mbali, kusini mwa California, Marekani, mwezi Novemba ukiwa unakwisha. Huku Pwani vuli inanyesha na madimbwi yamejaa njiani. Kule kiangazi chote kimepita bila mvua ya maana. Vilima vinavyouzunguka mji wa Los Angeles vimekauka. Ukivunja kijiti kinalia kwa! Ndipo mtabiri wa hali ya hewa anapotangaza kwamba wiki hii ni ya upepo na ukavu, na tone la mvua lisitarajiwe.

Amejuaje? Mawingu hayamsaidii, maana hayapo. Anatazama nyuma ya milima, kwenye nyanda za juu za Nevada na Utah, ambako sehemu kubwa ya ardhi imeinuka zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa huko sasa ni mrefu, na baridi ni kali. Hewa ya baridi ni nzito, basi inatulia pale juu na kurundikana, na mtabiri anasema kuna mgandamizo mkubwa wa hewa. Upande wa bahari mgandamizo ni mdogo. Hewa hutoka penye msongamano kwenda penye nafasi, lakini milima imeziba njia, kwa hiyo inajipenyeza kwenye mapengo yake, kama lile la Cajon Pass, tena kwa kasi. Malori marefu yasiyo na mzigo hupinduliwa pale. Upepo huo ndio Santa Ana.

Sasa niambieni: hewa imeanza safari ikiwa baridi, mbona ikifika mjini watu wanavua masweta? Wengi, hata watu wazima, watakujibu kwamba imepashwa na jangwa. Si kweli. Jangwa lenyewe asubuhi hiyo lina baridi. Joto linatokana na kule kushuka. Mmewahi kujaza upepo tairi la baiskeli? Pampu inapata moto kule chini, kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto. Hewa inayoteremka mlimani nayo hubanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, na kila mita 100 inazoshuka inaongezeka nyuzi joto 1 hivi. Pigeni hesabu: mita 1,200 ni nyuzi 12, bila jua wala kuni.

Hewa ikipata joto bila kupata maji, ukavu wake unazidi. Unyevu wake mara nyingi huwa chini ya asilimia 10. Midomo inapasuka, na mimea iliyokauka inazidi kukauka. Kaskazi yetu nayo chanzo chake ni mgandamizo mkubwa juu ya nchi kavu yenye baridi, kule Asia, ila yenyewe huvuka bahari na kuokota unyevu kabla ya kutufikia.

Santa Ana ikivuma kavu namna hiyo, idara ya taifa ya hali ya hewa ya Marekani hutoa tahadhari ya bendera nyekundu. Haina maana kwamba moto umeshawaka. Maana yake ni kwamba ukiwaka, kuuzima itakuwa shida. Makampuni ya umeme huweza kukata umeme maeneo mengine kabla upepo haujaangusha nyaya na kuwasha moto. Watoto hukasirika kukosa televisheni, lakini mimi naona ni bora giza la siku mbili kuliko nyumba kuungua.

Tarehe 8 Novemba 2018, Santa Ana ikivuma, moto ulioitwa Woolsey ulianza karibu na Simi Valley. Kesho yake ulikuwa umeshavuka barabara kuu na kufika Malibu, baharini. Watu watatu walikufa, na majengo zaidi ya 1,600 yaliteketea. Waliokimbia na mifugo waliipeleka ufukweni Zuma: farasi wamesimama mchangani, na juu yao anga jeusi la moshi.

Sio kila wiki ya Santa Ana huishia hivyo. Nyingi hupita na matawi yaliyovunjika tu. Mgandamizo ukilegea, upepo wa baharini unarudi na unyevu wake, na tahadhari inaondolewa. Lakini vichaka bado ni vikavu. Vitalowa mvua ikinyesha, na mvua nyingi ya huko huja kati ya Desemba na Machi.