Mitishamba ya Usingizi na Vidonge Havipatani

Mtu akikosa usingizi Umoja au Kayole, jirani hakosi kumwelekeza kwa muuza mitishamba. Tatizo huanza iwapo nyumbani tayari ana vidonge vya kulala alivyoandikiwa na daktari.

Ubongo una kemikali iitwayo gaba, ambayo kazi yake ni kuzituliza seli zinapochangamka kupita kiasi. Diazepamu, ambayo wengi huijua kama Valium, huiongezea gaba nguvu. Mizizi ya valeriani yaaminika kupitia njia hiyo hiyo. Maua ya kamomili nayo yana kemikali inayogusa mahali pale pale, ingawa kwa udhaifu.

Mimea mingine hutumia njia tofauti. Mti ambao Wakikuyu huuita mwerere na Wachagga msesewe ni wa ukoo mmoja na mmea wa Kihindi uliotoa resapini mwaka 1952. Dawa hiyo hupunguza akiba ya serotonini na dopamini ubongoni.

Ukichanganya mitishamba ya aina hii na vidonge, nguvu zake hujumlishana: mtu husinzia mchana, huyumba na kuanguka. Akiongeza pombe, hata pumzi yaweza kufifia.

Basi muulize muuzaji jina la mmea. Unga usio na jina usiutumie. Mweleze daktari au mfamasia kila unachokunywa. Wala usiache ghafla diazepamu uliyoizoea, kwani waweza kupatwa na kifafa. Daktari ndiye atakayeipunguza polepole. Mficha maradhi kifo humuumbua.