Mjane, kondoo na makauboi: Kicheko kinachofika hadi Kikopey

BILA shaka, msomaji, umewahi kushuka Kikopey. Gari likishaipita Gilgil kuelekea Nakuru, moshi wa nyama hukukaribisha kabla wachomaji wenyewe hawajaanza kukung'ang'ania. Sasa, ukishaagiza kilo yako ya mbuzi na kachumbari ingali inakatwa, geuka uitazame nchi inayoteremka kuelekea Ziwa Elementaita. Nyasi kavu, mawe, vilima, mifugo kwa mbali. Utadhani umeingia ndani ya sinema ya makauboi.

Leo nakuletea sinema moja ya aina hiyo, ila hii ni ya kuchekesha, na shujaa wake ni mjane. Inaitwa The Ballad of Josie, ya mwaka 1967, na mwigizaji mkuu ni Doris Day.

Josie anaishi Wyoming, Marekani, na mume mlevi. Usiku mmoja bwana anarudi chakari, purukushani inatokea, anaporomoka ngazini na kufa. Josie anashtakiwa, kisha anaachiliwa. Lakini baba mkwe anamchukua mjukuu akamlee yeye, kwani mjane asiye na kazi atamlisha nini mtoto? Mji mzima unajua dawa yake: aolewe tena, basi. Josie anakumbuka kwamba marehemu aliacha shamba lililotelekezwa. Anahamia huko na kuanza kufuga. Tena si ng'ombe. Kondoo!

Hapo ndipo kicheko kilipo, ila sharti uujue uadui wenyewe. Wenye ng'ombe wa Wyoming waliamini kwamba kondoo hula nyasi hadi mzizi na kuharibu malisho. Halikuwa jambo la mzaha: mwaka 1909 wafugaji watatu wa kondoo waliuawa usiku kambini mwao huko Spring Creek. Sasa mwone mwanamke mmoja, amevaa suruali ya jinzi mji ukimkodolea macho, akiswaga kondoo katikati ya matajiri wa ng'ombe! Wake wa matajiri hao hao wanaanza kumwunga mkono, na wazee wa mji wanachanganyikiwa. Kumbuka kwamba wanawake wa Wyoming walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1869, mapema kuliko mahali pengi duniani.

Nikiri kwamba mwisho wake haukuniridhisha. Baada ya kuhangaika kote kule, sinema inaharakisha kumtia Josie mikononi mwa mwanamume, kana kwamba wale wa mjini walisema kweli tangu mwanzo. Na kuna jambo jingine. Josie aliingia tu katika shamba la mumewe, hakuna shemeji aliyemzuia mlangoni. Wewe unayejua mambo ya mashamba hapa kwetu utaguna. Sheria ya urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika Julai 1981, humtanguliza mjane au mgane katika kuomba mahakama idhini ya kusimamia mali ya marehemu. Wangapi huambiwa hivyo siku ya matanga?

Doris Day mwenyewe hakuipenda sinema hii. Alieleza baadaye kwamba mumewe, Martin Melcher, ambaye pia ndiye aliyesimamia kazi zake, alimwekea mkataba bila kumwuliza. Mwezi Aprili 1968 Melcher akafariki. Yule aliyeigiza mjane akawa mjane kweli, na maajabu yakafuata: pesa zake za miaka mingi, zilizokuwa mikononi mwa mumewe na wakili wao, zilikuwa zimeteketea na kuacha madeni. Isitoshe, Melcher alikuwa amemfunga kwa kipindi cha televisheni ambacho hata hakujua habari zake. Akafanya kazi hiyo tangu 1968 hadi 1973. Na aliigiza nani? Mjane mwenye wana wawili, aliyetoka mjini kwenda kuanza upya shambani! Mwaka 1974 mahakama iliamua alipwe na wakili huyo zaidi ya dola milioni 22, ingawa hakuzipata zote. Alifariki Mei 2019 akiwa na miaka 97.

Turudi Kikopey, maana hapa napo palikuwa na mjane na kondoo. Jina hili lilikuwa la shamba, likiandikwa Kekopey, mali ya mlowezi Galbraith Cole, shemeji yake Lord Delamere. Alifuga kondoo katika ardhi ambayo Wamaasai walihamishwa kufuatia mkataba wa 1904. Mwaka 1911 alimpiga risasi na kumwua Mwafrika aliyemshuku kuiba kondoo. Baraza la wazungu wenzake likamwona hana hatia. Serikali ikamfukuza nchini, naye akarudi baadaye. Sinema za makauboi hazipendi kuuliza nyasi zile zilikuwa za nani kwanza, na hata hiyo ya Josie haiulizi.

Cole, akiwa mgonjwa sana, alijiua mwaka 1929. Mkewe, Lady Eleanor, mpwa wa Arthur Balfour aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliachwa na wana wawili wakati nzige walikuwa wakivamia nchi na bei za mazao zikiporomoka duniani. Angeweza kurudi kwao. Alibaki, na mwaka 1975 kitabu cha kumbukumbu zake kikachapishwa.

Shamba hilo liliuzwa baadaye kwa ushirika wa wakulima. Kukalimwa, na nyani wa hapo wakaanza kuvamia mahindi, hata mwaka 1984 mtafiti Shirley Strum akawahamishia Laikipia. Nao walianza upya!

Ukiipata sinema ya Josie, itazame na watoto. Kile kifo cha mwanzoni ni cha haraka, na kesi haichoshi. Ila usikubali waizime kabla kondoo hawajafika.